Kuzamia Mafia kwa Kufuata Mwezi na Upepo

Ukimwuliza nahodha wa Utende mtaondoka saa ngapi kesho, jibu lake litategemea mwezi. Leo boti imetoka saa mbili asubuhi, kesho kutwa itatoka karibu saa nne, na wiki ijayo huenda ikawa mchana. Mgeni aliyezoea ratiba ya ofisi hudhani anazungushwa. Hazungushwi. Ghuba ya Chole, ambayo hoteli nyingi za uzamiaji za Kisiwa cha Mafia zimejengwa kuizunguka, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo huingia na kutoka kupitia mlango wa Kinasi. Anayepanga likizo yake kwa kuyafuata maji atapumzika. Anayetaka maji yaifuate likizo yake atarudi nyumbani amechoka, na pengine hajaona kitu.

Nimeandika ushauri huu kwa Watanzania na majirani zetu ambao sasa wanajipa likizo za namna hii. Kwa miaka mingi tumekaa ufukweni tukiwatazama wageni wakivaa miwani na mapezi na kuzama kwenye bahari yetu, kana kwamba kilichomo chini si chetu kukitazama. Ni chetu, na gharama yake si kubwa kama wengi wanavyodhani, mradi mtu ajue aende lini, aulize nini na ajiandae vipi.

Nimeichagua Mafia kwa makusudi. Zanzibar ina matumbawe mazuri na Pemba ina kuta za miamba zinazoteremka hadi gizani, lakini kwa mtu anayetaka utulivu na bahari yenye uhai kwa pamoja, Mafia ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kisiwa kiko mkabala na delta ya Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, na upande wake wa kusini-mashariki ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, mwaka 1995, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 822. Ndani ya hifadhi wanaishi watu: Utende, Chole, Juani, Jibondo na vijiji vingine. Hoteli ni chache na ndogo, nyingi zina vyumba vya kuhesabika, na baada ya chakula cha jioni hakuna pa kwenda. Mtu anayehitaji muziki na maduka usiku asiende, atateseka bure.

Tuanze na upepo. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, huruhusu boti kutoka nje ya ghuba na kwenda kwenye miamba ya mashariki inayoikabili bahari kuu. Kusi huanza baada ya masika na hupiga kwa nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Wakati huo nje ya ghuba hakukaliki, ila ndani uzamiaji unaendelea, kwa sababu miamba na visiwa vidogo huikinga ghuba na mawimbi. Maji nayo hubadilika: Machi hufika nyuzi 29 au 30, Agosti hushuka hadi 25 hivi. Nyuzi 25 ukizisikia kwa masikio zinaonekana joto, lakini mwili uliokaa majini saa nzima bila kuvaa kitu utatetemeka, hasa wa mtoto. Aprili na Mei ni mvua, na hoteli kadhaa hufunga.

Kama una uhuru wa kuchagua, nenda kipindi cha maleleji, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Novemba, kusi ikiwa imekufa na kaskazi haijashika. Bahari huwa shwari ndani na nje, papa potwe wanaanza kuonekana upande wa mji wa Kilindoni, na bei za Krismasi bado hazijafika. Mwanzoni mwa kipindi hicho nyangumi wa nundu wanaweza kuwa bado wapo njiani kurudi kusini, na mzamiaji mwenye bahati huwasikia wakiimba chini ya maji hata kama hawaoni.

Baada ya upepo, mwezi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu likizo nzuri kwa kukata tiketi bila kuangalia. Siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani yetu huzidi mita 3. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na yanapopita hukimbia. Zaidi ya hapo, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati ule ule ambao mgeni amemaliza kifungua kinywa na anataka kuogelea. Anakuta ufukwe umekuwa uwanja wa mchanga, majani na matope, na boti zimelala ubavu. Siku za maji mafu, kuanzia tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu na tena tarehe 22 au 23, hali hugeuka: maji hujaa asubuhi hiyo hiyo, tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na mkondo ni mpole.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Fika kisiwani tarehe 6 au 21 ya mwezi wa Kiislamu, ili siku zako za kwanza majini ziwe za maji mafu. Utajifunza kuvaa miwani, kupumua na kupiga miguu katika maji yasiyokusukuma. Mkondo utaanza kuongezeka kadiri siku zinavyokwenda, na wewe utakuwa umekwisha kuzoea. Mzamiaji mwenye uzoefu anaweza kupanga kinyume chake, kwa sababu mkondo wa bamvua huleta samaki wakubwa mlangoni Kinasi, na maji yanapojaa huingia yakiwa safi kutoka bahari kuu. Yanapotoka hubeba uchafu wa ghuba na mikoko, na humbeba pia mtu. Ndiyo maana waongozaji wa Mafia huzamia Kinasi wakati maji yanaingia. Ukikutana na yeyote anayekubali kukupeleka pale maji yakitoka kwa nguvu kwa sababu tu umeshikilia saa yako, usiende naye.

Safari yenyewe haina ugumu. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua kama nusu saa, na nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15 tu kwa abiria, kwa hiyo viatu vya ziada vibaki nyumbani. Wenye muda hushuka kwa barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, na kupanda chombo cha kuvuka hadi Kilindoni. Njia hiyo ni nafuu na mikoko yake inapendeza, ila wakati wa kusi ina mawimbi ya kutapisha. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita kama 15 kwa gari. Benki ziko Kilindoni, si Utende, kwa hiyo chukua fedha kabla ya kuondoka mjini.

Kuhusu bei, usiogope kuuliza. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi ambayo haiandikwi mahali pa wazi. Piga simu, jitambulishe, taja kitambulisho chako, uliza bei ya nje ya msimu. Ada ya hifadhi hulipwa kando na chumba, kwa kila mtu na kwa kila siku, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni kutoka mbali. Uliza kama imejumuishwa au la, maana hapo ndipo ugomvi wa siku ya mwisho huanzia.

Maswali muhimu zaidi yanahusu kituo cha uzamiaji, na yaulizwe kabla ya kulipa chochote. Je, boti hubeba oksijeni ya dharura, na nani amefundishwa kuitumia? Mzamiaji akipata ugonjwa wa mgandamizo, mpango wa kumtoa kisiwani ni upi, na chumba cha kumtibia kilicho karibu kiko wapi? Mwongozaji mmoja huchukua wazamiaji wangapi? Kwa wanaoanza, zaidi ya wanne ni wengi mno, na kwa mtu anayezamia mara ya kwanza kabisa mimi ningetaka mwalimu awe wangu peke yangu. Je, wana miwani ya watoto, na mapezi ya saizi ya mguu wangu? Kituo kizuri hujibu maswali haya kwa furaha. Kikijibu kwa kukereka, tafuta kingine. Ukifika, angalia begani mwa tangi la hewa: tarehe ya kupimwa kwake hupigwa muhuri pale. Vuta pumzi kwenye rigulita ukiwa bado kwenye boti. Hewa nzuri haina harufu wala ladha. Ukihisi mafuta au moshi, weka chini na uombe tangi jingine, na hapo usimwonee mtu haya.

Sasa mwili wako. Kuogelea kwa miwani na mrija, yaani snokeli, hakuhitaji uwe mwogeleaji hodari, lakini kunahitaji uweze kulala kifudifudi juu ya maji bila moyo kwenda mbio. Hilo lifanyie mazoezi nyumbani, kwenye bwawa lolote la jirani, wiki kadhaa kabla. Simama kwenye maji ya kifua, vaa miwani, weka mrija mdomoni, inamisha uso na upumue. Usiende popote. Pumua tu mpaka uchoke kusimama, kisha nyanyua miguu. Watu wengi wazima wanaosema hawawezi bahari hawajawahi kupewa hata nusu saa ya namna hii, wamesukumwa tu majini na kuambiwa waogelee. Asiyejua kabisa kuogelea anaweza kwenda akiwa na jaketi la kuokolea na mwongozaji anayekokota boya la kushika. Anayetaka cheti cha kuzamia atatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea kwa dakika 10, kwa hiyo ajipime mapema.

Miwani ndiyo kifaa kinachoamua kama utafurahi au utataabika. Usiichague kwa rangi. Iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikinasa na kubaki, ni yako. Ikianguka, jaribu nyingine, hata kama umejaribu tano. Nywele zisiingie chini ya mpira, hata unywele mmoja wa pembeni hupitisha maji. Wenye sharubu hupaka mafuta mazito kidogo juu ya mdomo ili mpira ushike. Wengi huvujiwa kwa sababu wamekaza mkanda mno, mpira ukajikunja, kwa hiyo ukivuja legeza kwanza. Kama miwani ni mipya, sugua kioo chake kwa ndani na dawa ya meno na kusuuza kabla ya safari, maana hutoka kiwandani na utando unaoleta ukungu. Ukiwa kwenye boti tema mate ndani, sugua, suuza kidogo kwa maji ya bahari, vaa.

Mavazi ni jambo ambalo tuna faida nalo kuliko wageni wengi. Nguo za kuogelea za mikono mirefu na suruali, pamoja na zile zenye kofia wanazovaa dada zetu wanaojistiri, ndizo bora kwa snokeli. Ukielea saa moja, jua la mchana huunguza shingo, mgongo na nyuma ya magoti, hata kwa sisi weusi. Nguo hukinga kuliko mafuta yoyote. Sehemu zinazobaki wazi, tumia mafuta ya jua yenye zinki na uepuke yenye oksibenzoni, ambayo Hawaii ilikataza kuuzwa kuanzia 2021 kwa sababu ya madhara yake kwa matumbawe.

Ukishaingia majini, fanya kidogo. Ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote. Wageni wapya huogelea kwa kasi kutoka mwamba hadi mwamba kana kwamba wanakagua mali, na samaki hukimbia mbele yao. Chagua jiwe moja la matumbawe kwenye kina cha mita mbili au tatu na uelee juu yake dakika 10 bila kutumia mikono, miguu ikisogea polepole kutoka nyongani. Dakika mbili za kwanza hutaona jambo kubwa. Halafu samaki wadogo waliojificha wanaanza kutoka. Utasikia mlio mkavu wa kutafuna, nao ni pono, anayeng'ata mwamba kwa meno yaliyoungana na kutoa nyuma yake wingu la mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga unaoukanyaga ufukweni ilipita tumboni mwake. Chini ya ukingo mkunga anafungua na kufumba kinywa. Hatishi, anapumua. Tazama sasa kwenye mchanga karibu na tundu: ukiona maganda ya kaa na chaza yametapakaa mlangoni, mwenye nyumba ni pweza. Kaa hapo hapo. Jicho litatokea kwanza, kisha ngozi itabadilika kutoka rangi ya mwamba kwenda hudhurungi na kurudi, na kama hukumtisha atatoka na kutembea. Wavuvi wa pweza wa visiwa hivi huyatambua matundu hayo kwa mtazamo mmoja. Mwombe mwongozaji wako akufundishe, atafurahi kwamba umeuliza.

Kama utaamua kuzama kwa tangi, jibu fomu ya afya kwa ukweli. Pumu, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa karibuni, sukari, dawa unazokunywa, yote yaandikwe, na ikibidi pata barua ya daktari kabla ya kusafiri. Mjamzito asizamie, snokeli inamtosha. Mwenye mafua asubiri yaishe, kwa sababu njia za masikio yake zimeziba.

Masikio ndiyo yanayowarudisha juu wengi siku ya kwanza, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Ukifika mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na hewa iliyomo ndani ya sikio husinyaa hadi nusu. Badiliko kubwa liko kwenye mita hizo za kwanza, kwa hiyo usisubiri maumivu. Ziba pua na upulize kwa upole tangu kichwa kinapozama, na urudie kila unaposhuka kidogo. Ikiuma, simama, panda mita moja, jaribu tena. Usilazimishe kamwe. Kupanda nako kuna sheria moja iliyo juu ya zote: usizuie pumzi. Hewa uliyoivuta mita 10 chini itataka kuwa mara mbili ukifika juu, na mapafu yaliyofungwa hayana pa kuipeleka. Panda taratibu, nyuma ya mapovu yako madogo, na usimame mita 5 kwa dakika 3 mwongozaji anapokuonyesha ishara.

Bila cheti, utazama na mwalimu hadi mita 12. Kozi ya kwanza ya cheti inakuruhusu hadi mita 18 na huchukua siku tatu au nne, na watoto hukubaliwa kuanzia miaka 10. Sehemu ya darasani inaweza kusomwa nyumbani kwa intaneti kabla ya kusafiri. Fanya hivyo, ili likizo isiwe shule. Na hata ukiwa na cheti, usizamie mara tatu kwa siku kwa sababu umelipia kifurushi. Mara moja asubuhi inatosha, na jioni snokeli ya utulivu. Naitrojeni hujikusanya mwilini, uchovu nao hujikusanya, na mtu aliyechoka hufanya makosa na haoni alichokifuata. Mchana kunywa maji mengi au madafu, lala, soma, kaa na watoto. Pombe isubiri mpaka uzamiaji wa siku umekwisha.

Papa potwe wanastahili siku yao. Hawaji Ghuba ya Chole. Hukaa upande wa pili, mbele ya Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, wakila uduvi na viumbe wadogo karibu na uso wa maji. Wengi wa Mafia ni madume machanga, na hata hao machanga hufika mita sita au saba. Watafiti waliowafunga vifaa vya sauti waligundua kwamba wengi hawahami kwenda mbali msimu ukiisha: husogea kwenye maji ya kina zaidi, hawaonekani juu, kisha hurudi. Kwa hiyo ni majirani wa wavuvi wa Kilindoni, na kuwasumbua ni kumsumbua jirani aliyezoea kuishi na watu.

Chagua nahodha anayepunguza mwendo mapema na kuzima injini. Teleza majini kimya, usiruke. Kaa mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani, usimzibe njia kwa mbele, usimguse, na usitumie taa ya kamera. Akizama, muache. Kinachoniumiza ni kuona boti kadhaa zikimzingira mnyama mmoja huku watu wakirushwa mbele ya kinywa chake ili wapate picha. Mteja ana nguvu hapo kuliko anavyojua: sema hapana, omba msubiri zamu yenu, na ukubali kurudi bila kuona kitu. Bahari haitoi hakikisho, na nahodha anayekuhakikishia anakudanganya au atamkimbiza mnyama mpaka umwone.

Matumbawe nayo yanahitaji huruma hiyo hiyo. Yaliwahi kupigwa baruti na wavuvi haramu kabla ya hifadhi, na mwaka 1998 joto la El Niño liliyafanya meupe na kuua sehemu kubwa. Yaliyopo leo ni yale yaliyosalimika na yale yaliyoota upya, na wanaoyalipia zaidi ni wavuvi wa vijiji hivi, waliokubali kuacha juya na kuacha baadhi ya miamba ipumzike. Jiwe la matumbawe la mviringo huongezeka takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Mtu anayesimama juu yake dakika moja kurekebisha miwani huua kazi ya miaka. Ukitaka kupumzika, lala chali ujazie jaketi hewa, au rudi kwenye boti. Usinunue kombe wala mapambo ya gamba la ng'amba, hata ukiambiwa aliokotwa amekufa.

Kijijini uwe mgeni mwenye adabu. Mafia ni ya Waislamu kwa wingi, na ufukwe wa Utende ni barabara ya watu kwenda kazini na shuleni. Funga kanga au vaa suruali unapotoka hotelini, toa salamu kabla ya swali, omba ruhusa kabla ya picha. Ukienda mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana. Na samaki wa chakula cha jioni, mkienda wengi, mnaweza kumwagiza kwa mvuvi asubuhi na kumlipa mkononi.

Siku ya mwisho usizamie. Baada ya kuzama mara kadhaa, kinachoshauriwa ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mimi husema siku nzima, hata kwa ndege ndogo inayoruka chini. Siku hiyo vuka kwenda Chole. Palikuwa mji mkuu wa Mafia kabla ya serikali kuhamia Kilindoni, na magofu yake yameshikwa na mizizi ya miti. Popo wakubwa walao matunda wananing'inia mchana kutwa kwenye miti yao, na ukibahatika utawakuta mafundi wakichonga mbao za jahazi. Mwenye nguvu zaidi aende Juani kwenye magofu ya Kua, mji ambao simulizi za wenyeji zinasema uliangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Huko Juani, kati ya Juni na Septemba hivi, huenda ukaambiwa kuna kiota cha kasa kinachotarajiwa kuanguliwa. Hapo tembea nyuma ya walinzi wa kiota, usiwashe taa, na usiwabebe vifaranga hata kama wanahangaika, wanapaswa kutambaa wenyewe hadi majini.

Kabla ya kuvuka, mwulize nahodha maji yatapwa saa ngapi, na umwambie saa unayotaka kurudi. Mashua za Chole hutoka ufukweni Utende mchana kutwa kwa nauli ndogo, lakini ukichelewa maji yakashuka, chombo kitaishia mbali na utatembea sehemu iliyobaki kwenye tope la magotini. Vaa viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino, na simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.